Sauti Iliyolipiwa na Mfuko wa Filamu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa kwenye ngazi za Mfuko wa Filamu, nimekumbatia mkoba, nacheka peke yangu kama mwehu.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni mwongozaji wa filamu. Nilipiga filamu ya mjane anayefukuzwa na wakwe zake, naye anagoma kutoka. Hela zikaniishia filamu ikiwa bado mbichi. Rangi zimepauka, sauti imejaa kelele, haifai hata kuonyeshwa sebuleni kwa jirani. Ndipo Mfuko, ambao ni wa umma, ukakubali kunipa ruzuku ya kuimalizia mpaka iive kwa kumbi za sinema.

Mjane wa filamu hiyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Na mdogo wangu alikuwa amekata mguu kwangu tangu taa zangu za filamu zilipounguza dari ya sebule ya Mama.

Basi, cheko langu la kwenye ngazi halikufika hata jioni.

Nilikwenda moja kwa moja studio, chumba kidogo kisicho na dirisha nyuma ya duka la miwani. Fundi wangu wa sauti alikuwa amenisubiri na sura ya daktari mwenye habari mbaya. Watu wa kazi yetu wanamwita Masikio.

"Kaa," alisema.

"Nimekaa."

"Nusu ya kwanza inaoshika. Nusu ya pili haioshiki."

Akanibonyezea. Mjane wangu alifungua mdomo kwenye skrini, na kilichotoka kilikuwa msumeno wa umeme. Nilikumbuka. Wiki ile seremala wa jirani alipata oda ya madawati ya shule nzima, na mimi, kwa haraka zangu, nikasema tupige tu, tutarekebisha mbele ya safari.

"Utoe huo msumeno," nilimwambia.

"Nikiutoa msumeno, namtoa na mdogo wako. Wamekumbatiana."

"Sasa?"

"Aje hapa, asimame mbele ya maiki, ayaseme upya maneno yote ya nusu ya pili. Tunayabandika juu ya picha. Hii ndiyo kazi uliyopewa ruzuku uifanye."

Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine. Akaanza kuzungusha waya.

Mdogo wangu ni mwalimu wa udereva. Nilimkuta uwanjani kwao, amekaa kiti cha abiria kwenye gari lenye herufi kubwa za mwanafunzi juu ya paa. Aliyeshika usukani alikuwa baba mmoja mtu mzima, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

Nilisogea dirishani.

"Mdogo wangu."

"Kanyaga klachi," alimwambia yule baba.

"Nina ombi dogo tu."

"Klachi. Usiangalie pembeni. Pembeni hakuna mtu."

Gari likaruka kama chura, likazima. Nikalifuata.

"Tumepata ruzuku," nilisema. "Filamu inaingia sinema. Unasikia? Uso wako, ukutani, mkubwa kama nyumba."

Hapo akanigeukia. Zamani aliniita dada hata tukigombana. Siku hiyo aliniita jina ambalo huwa anawaita wateja wakorofi.

"Wewe mama, filamu imepata ruzuku. Dari imepata nini?"

"Hela za Mfuko ni za filamu tu. Nikinunua hata msumari wa dari, naitwa kujieleza."

"Mama analala kwenye kochi langu. Mgongo umempinda. Akikohoa asubuhi nakukumbuka wewe."

"Filamu ikitoka nitaweka dari mpya. Nakuapia."

"Filamu ikitoka." Akasonya. "Kila kitu kwako ni filamu ikitoka. Ulitaka nini?"

"Sauti yako. Uje studio uyaseme maneno upya."

Yule baba wa usukani aliuliza kwa woga, "Mwalimu, nizime gari?"

"Limeshazima lenyewe. Washa." Kisha akanitazama tena, macho makavu. "Mwambie Mfuko wako uje ukuongelee. Mimi sauti yangu haipo."

"Unaniharibia kwa makusudi!"

"Rivasi," alimwambia yule baba.

Gari likarudi nyuma. Nilichomoa mguu kwa kuruka, vinginevyo leo ningekuwa nawaandikia kutoka wodini.

Sasa mniambie, ningefanya nini? Kamati ya Mfuko ilitaka kuiona filamu kabla ya kutoa awamu inayofuata. Tarehe walikuwa wameshapanga. Nikarudi nyumbani damu inanichemka. Kiburi kikaniambia: kama hataki kuongea, wako wengine wenye midomo.

Nikamtafuta Bi Sabuni.

Mnamjua, hata kama hamjui kama mnamjua. Ndiye yule mama wa tangazo la sabuni redioni, anayesema nguo inang'aa mpaka jirani anauliza. Ana sauti laini, imenyooka, haina kovu hata moja. Alikuja studio amejipulizia manukato, akasimama mbele ya maiki, akamaliza maneno yote ya mdogo wangu bila kukosea.

Alipotoka, Masikio alivua hedifoni zake.

"Vipi?" nilimuuliza.

"Mjane safi sana huyu. Ametakata."

"Acha masihara."

"Sifanyi masihara. Mwanamke amelala njaa, wakwe wanamtupia vyombo nje, na anaongea kama anauza kitu. Watu watasikia."

"Watu hawasikii, wanaangalia. Bandika."

"Mdogo wako anajua?"

"Nimesema bandika!"

Akabandika. Lakini alibandika amenipa mgongo.

Siku ya kamati nilivaa suti yangu ya pekee. Ukumbi ulikuwa mdogo, viti vya kitambaa chekundu, harufu ya zulia lililooshwa likafungiwa kabla ya kukauka. Mwenyekiti wa Mfuko, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alinipa mkono. Nyuma yake wajumbe. Na katikati ya wajumbe, mguu juu ya mguu, alikuwa amekaa mtalaka wangu.

Sikujua kama yumo. Alikuwa ameteuliwa juzijuzi.

Huyu ni mkosoaji wa filamu. Ndiye aliyeandika gazetini kwamba filamu yangu ya kwanza ni mkanda wa harusi uliorefushwa. Aliandika hayo tukiwa bado tunalala kitanda kimoja, na asubuhi akaniomba nimpigie pasi shati.

"Mama wa sinema," alinisalimu. "Umependeza."

"Wewe umezeeka," nilimjibu.

Akacheka. "Kwa kuwa Mfuko hupenda kuwaona wahusika wakuu, nimemwalika shemeji. Nilijua ungesahau."

Hapo hapo mlango ukafunguliwa. Mdogo wangu aliingia amemshika Mama mkono. Mama alikuwa amevaa mtandio wake wa shughuli. Alinipungia kwa furaha, masikini, kama mtu aliyekuja mahafali ya mtoto wake.

Mdogo wangu hakunitazama. Akamkalisha Mama safu ya mbele.

Nilikimbilia kwa Masikio, aliyekuwa nyuma kwenye mitambo.

"Sema imeharibika," nilimnong'oneza. "Sema umeme umezidi."

"Mbele ya Mwenyekiti?"

"Nakuomba!"

Taa zikazimwa. Filamu ikaanza.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kujidanganya. Rangi zilikuwa zimekolea, sauti imetulia. Mama alikuwa akimgonga mdogo wangu begani kila alipotokea. "Huyo! Huyo hapo!" Hata Mwenyekiti alitabasamu.

Kisha ikaja nusu ya pili. Mjane alisimama uani, vyombo vyake chini, akafungua mdomo. Ikatoka sabuni.

Nyuma yangu mjumbe mmoja alijikohoza. Mwingine akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akaziba mdomo kwa kiganja. Kicheko kilichobanwa mnakijua. Kinasikika kuliko cha wazi.

Ndipo Mama, ambaye hajui kunong'ona, akauliza kwa ukumbi mzima, "Nani huyo anaongea?"

Akamvuta mdogo wangu mkono.

"Mbona mwanangu ana sauti ya mtu mwingine?"

Mdogo wangu alisimama. Nilidhani anatoka. Nilitamani atoke. Badala yake alikwenda mbele, akasimama kwenye mwanga wa projekta, picha yake mwenyewe ikampaka usoni na kwenye gauni. Bi Sabuni alikuwa anaendelea kuongea kutoka kwenye spika. Mdogo wangu akaanza kusema maneno yaleyale juu ya sauti hiyo, kwa sauti yake mwenyewe.

Hakuwa ameyasahau hata moja.

Sauti yake ina mikwaruzo. Inapanda pasipotarajiwa, inakatika, inarudi chini kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Nilisikia spika zikififia. Masikio alikuwa amemshusha Bi Sabuni bila kuniuliza, mpaka ikabaki sauti moja tu ukumbini.

Ikafika mwisho wa filamu. Hapo mjane anasimama mlangoni ametupa mgongo, kwa sababu nilitaka mabega yaseme. Mdogo wangu naye akageuka, akatupa mgongo.

"Nimemuuguza mume wangu kwenye nyumba hii. Siondoki."

Taa zilipowashwa, Mwenyekiti alikuwa ameivaa miwani yake, kisha akaivua, kisha akaivaa tena.

"Mwongozaji," alisema, "kwa nini sauti hii haimo kwenye filamu?"

"Kwa sababu sikutaka," mdogo wangu alijibu. "Na yeye akaona bora aniibie uso, sauti akanunue dukani."

"Si kweli!" nilisema. "Nilikufuata kazini, karibu uniponde mguu!"

"Ulikuwa mguu. Ningekuwa na shabaha..."

"Jamani!" Mama alisema.

Mwenyekiti aliinua mkono. "Mfuko hautoi fedha za umma kwa tangazo la sabuni. Sauti hii iingie, ndipo awamu inayofuata itoke na filamu ipelekwe kwenye kumbi. Isipoingia, tunafunga hapa, na tulichokwishatoa mtarudisha."

Kila mtu akamgeukia mdogo wangu. Alikuwa anamfunga Mama mtandio vizuri, taratibu, kama hana haraka na dunia.

"Nitakuja kurekodi," alisema. "Lakini asiwepo."

"Nani asiwepo?"

Akaninyooshea kidole. "Huyu mama."

"Mimi ndiye mwongozaji! Nani atakuongoza?"

Nadhani mlishamjua. Mtalaka wangu aliteremsha mguu wake, akatengeneza kola.

"Mimi naweza kusaidia. Kwa kujitolea tu."

"Ni mjumbe wa kamati!" nilipiga kelele. "Mwenyekiti, huyu mtu alinitaliki!"

"Halipwi, na kutaliki si kosa kwa kanuni zetu," Mwenyekiti alisema. Alionekana amechoka na ukoo wetu. "Mwongozaji, unakubali au hukubali?"

Mama alikuwa ananitazama. Mgongo wake, kweli, ulikuwa umepinda.

"Nakubali," nilisema. Neno lilitoka kama mfupa.

Siku ya kurekodi nilijiapia nitakaa nyumbani. Nikafua, nikapika, nikaiacha sufuria motoni na kujikuta mbele ya duka la miwani. Masikio alinikuta kwenye ujia.

"Nilijua," alisema. Akafungua mlango wa stoo, akanisukumia ndani, kati ya maboksi ya fremu za miwani. Kisha akapenyeza waya chini ya mlango, na mwisho wa waya kulikuwa na hedifoni.

"Usikohoe," aliniambia. "Na kama wakikukuta, hunijui."

Nikavaa. Nikasikia pumzi za mdogo wangu, karibu kabisa, kama tulivyokuwa tukilala kitanda kimoja utotoni.

"Shemeji, polepole," mtalaka wangu alikuwa anasema. "Hakuna anayekufukuza. Rudia tu ukiwa tayari."

Polepole! Mimi hajawahi kuniambia polepole maisha yake yote. Na yule mdogo wangu, mwenye ulimi wa wembe, alikuwa anamtii. "Sawa, shem." "Hivi, shem?" Maneno yalitiririka. Nilijaribu kutafuta kasoro, nikakosa. Hilo liliniuma kuliko kasoro yenyewe.

Wakafika sehemu ya mlangoni.

"Nimemuuguza mume wangu kwenye nyumba hii. Siondoki."

"Nzuri," alisema. "Tuweke hiyo. Sasa tujaribu kitu. Badala ya 'siondoki', sema 'naondoka'."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Lakini hadithi nzima ni kwamba haondoki," mdogo wangu alisema.

"Kamera iko mgongoni. Mdomo hauonekani. Neno lolote litakaa."

"Dada aliandika siondoki."

Dada. Alisema dada, nikiwa sipo.

"Dada yako hajui kuachia kitu," mtalaka wangu alisema. "Mimi ninajua. Nakuuliza wewe. Ungekuwa wewe, kwenye nyumba ya watu wasiokutaka, ungefanyaje?"

Nilisikia mdogo wangu akisogea karibu na maiki.

"Ningeondoka," alisema. "Ningewaachia hata masufuria."

"Basi sema."

Akasema.

"Nimemuuguza mume wangu kwenye nyumba hii. Naondoka."

Picha ile naijua kwa moyo, niliikatakata kwa mikono yangu mwenyewe. Mabega yale nilikuwa naamini ni ya mtu anayegoma. Kumbe yalikuwa ya mtu aliyemaliza. Kwa neno moja filamu yangu yote ilipinduka chini juu, na kila tukio nililopiga likawa na sababu ambayo mimi sikuiweka.

Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nilimchukia kwa hilo, yule mwanamume.

Nilitupa hedifoni, nikapita kati ya maboksi, fremu zikamwagika. Taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya mlango wa studio. Nikaupiga mlango kwa bega.

"Mwizi!"

Mtalaka wangu aliruka kutoka kwenye kiti. Kiti changu! Nyuma ya kioo mdogo wangu alibaki amesimama mbele ya maiki. Na kwenye kona, juu ya kiti cha plastiki, mkoba mapajani, alikuwa Mama. Walikuwa wamekuja naye.

"Tulikubaliana usiwepo," mtalaka wangu alisema.

"Na wewe ulikubaliana na nani kubadilisha filamu yangu? Futa hilo neno! Masikio, futa!"

"Usiguse," mtalaka wangu alimwambia. "Nitampelekea Mwenyekiti zote mbili, achague mwenyewe."

"Hupeleki kitu! Ruzuku imetoka kwa jina langu!"

"Ndiyo. Na kamati imenipa mimi kusimamia sauti. Kamuulize."

Nilimshika kola. Sitasema uongo, nilimshika. Kifungo kikaruka, kikagonga kioo.

"Mwacheni asikie," sauti ya mdogo wangu ilijaa chumba kizima, kutoka kwenye spika. Alikuwa anaongea kwenye maiki, ametulia, kama anamwelekeza mwanafunzi kuegesha. "Masikio, mchezeshee. Ya kwanza, halafu ya pili."

Masikio alinitazama. Nikaiachia kola.

Picha ikaja kwenye skrini. Mjane, mlango, mgongo. Siondoki. Kimya. Picha ikarudi mwanzo. Mjane, mlango, mgongo. Naondoka.

Mama alitoa ncha ya mtandio, akajifuta macho. Kwenye ya kwanza hakuwa amejifuta.

"Mama," mdogo wangu alisema, "muulize binti yako mkubwa ipi nzuri. Akisema ya kwanza, ya pili inafutwa sasa hivi, mbele yako, na shem hatabisha. Shem, si ndiyo?"

Mtalaka wangu alikuwa anashika mahali kifungo kilipokuwa. "Ndiyo."

"Akisema ya pili, leo hii aende kwa Mwenyekiti, kwa miguu yake, aseme kwamba mwisho wa filamu yake ameupata kwa mwanamume aliyemtaliki na mdogo wake anayemchukia."

Anayemchukia. Neno hilo hakuwa amewahi kulitamka.

Mama alinyanyuka. Alijishika kiuno, akaja mpaka mbele yangu, akanitazama jinsi alivyonitazama nilipokuwa mdogo na sukari imepungua kabatini.

"Haya, Mkubwa," alisema. "Ipi? Na usinidanganye, mimi ndiye niliyekuzaa."

Kidole cha Masikio kilikuwa kimeshakaa juu ya kitufe cha kufuta.

Nikafungua mdomo.